Alikuwa Amevaa Mkanda, Mbona Kaumia?

Kila inapoenea habari ya fundi aliyeanguka kutoka juu, wasomaji hugawanyika. Kuna wanaouliza kwa nini hakuvaa mkanda, na kuna wanaojibu kwa mshangao kwamba alikuwa ameuvaa. Pande zote mbili zinaamini jambo lile lile: kwamba mkanda humzuia mtu asianguke. Mkanganyiko unaanzia hapo. Vifaa vingi tunavyoviona migongoni mwa mafundi humdaka mtu akiwa ameshaanguka. Kati ya kuteleza na kudakwa kuna mita kadhaa za hewa, na mambo yanayotokea ndani ya mita hizo ndiyo yanayoamua kama mtu atapanda tena kazini au atabebwa.

Neno "mkanda" nalo limebebeshwa mzigo mkubwa. Mkanda wa suruali, mkanda wa gari, mkanda wa fundi, vyote jina moja. Kwa kazi za juu ni vizuri kutenganisha vitu vitatu. Kuna hanesi, yaani mikanda iliyoshonwa pamoja ikazunguka mapaja, kifua na mabega, yenye pete ya chuma mgongoni, katikati ya mabega. Kuna nanga, mahali imara pa kushikiza: boriti ya chuma, kishikizo kilichozamishwa kwenye zege, au waya maalumu uliovutwa kwa ajili hiyo. Halafu kuna kiungo kati ya hivyo viwili, kamba fupi au utepe mpana wa nyuzi wenye ndoano, ambao wataalamu huuita lanyadi na mafundi wengi huuita kamba tu. Hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu ndiyo inayoonekana rahisi kuliko vyote na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi.

Kamba zinazofanana, kazi tofauti

Mbuzi akifungwa kwenye kigingi kwa kamba fupi, anakula majani yote yaliyo ndani ya duara lake na shamba la jirani analiona kwa macho tu. Kuna lanyadi inayofanya kazi kwa mtindo huo. Urefu wake umepimwa ili fundi asiweze kufika ukingoni mwa paa hata akitaka. Hii ni kamba ya kizuizi, na kama kazi inaruhusu, ndiyo bora, kwa kuwa anguko lenyewe halitokei.

Aina ya pili ni ya kuegemea. Mtu anayefanya kazi juu ya nguzo huizungusha kamba kwenye nguzo, akajiegemeza nyuma, mikono ikabaki huru. Kamba hiyo imebuniwa kubeba uzito wake akiwa ametulia. Haikubuniwa kumdaka akiporomoka, na ndiyo maana kanuni za Marekani zinataka mfumo wa namna hii usimruhusu mtu aanguke zaidi ya sentimita 60 hivi. Anayeegemea kwa kamba hii huhitaji kinga nyingine ya kumdaka endapo atateleza.

Aina ya tatu ndiyo ya kudaka. Utaitambua kwa kifuko kilichoshonwa upande mmoja wa kamba, kidogo kama pochi, ambacho wengi hudhani ni pambo au mahali pa kushikia. Kile kifuko ndicho moyo wa kifaa chote. Mtu aliyetwaa kamba ya kuegemea akaitumia kudaka, kwa kuwa tu ndoano zinafanana, amevaa kitu kisichokuwa na moyo.

Kwa nini kudakwa kunauma

Mtu akikurushia yai, hulipokei kwa kiganja kilichokakamaa. Unaufuata mwendo wake, mkono unarudi nyuma nalo, hadi linatulia. Yai ni lile lile na kasi ni ile ile. Kilichobadilika ni umbali uliolipa ili lisimame.

Sasa fikiria mtu ambaye pamoja na zana zake ana kilo 100, ameanguka mita 2. Hapo kasi yake imefika kama kilomita 22 kwa saa, na imemchukua zaidi kidogo ya nusu sekunde, muda usiotosha hata kupiga kelele. Kama kamba yake ni waya usiovutika na anasimamishwa ndani ya sentimita 10, mwili wake unapokea nguvu ya wastani inayozidi uzito wa tani 2. Kama anasimamishwa ndani ya mita 1, nguvu hiyo inashuka hadi kama uzito wa kilo 300. Mtu ni yule yule na anguko ni lile lile.

Hiyo mita ya ziada ndiyo inayotoka kwenye kifuko. Ndani yake kuna utepe uliokunjwa na kushonwa kwa mishono iliyokusudiwa kuchanika. Mzigo ukiwa mdogo, mishono inashikilia. Mtu akianguka, inachanika mmoja baada ya mwingine, na kila mshono unaochanika unakula sehemu ya nguvu ambayo ingeishia kwenye uti wa mgongo. Tukiite kifyonza mshtuko. Chini ya viwango vya Ulaya, kifyonza kinatakiwa kuhakikisha nguvu inayomfikia mtu haizidi kilonewtoni 6, yaani takriban uzito wa kilo 600. Ni nyingi, ila mwili uliofungwa vizuri unaihimili kwa muda huo mfupi.

"Uliofungwa vizuri" ina maana hanesi kamili. Mkanda wa kiunoni peke yake unaipeleka nguvu yote hiyo tumboni na kwenye mgongo wa chini, na mtu anaweza kujikunja katikati au kuchomoka kabisa. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya mkanda wa kiunoni katika mifumo ya kudaka tangu tarehe 1 Januari 1998. Bado utawasikia watu wakisema kwamba wa kiunoni "unatosha kwa kazi ndogo". Kazi inaweza kuwa ndogo, lakini mwili unaodondoka una uzito ule ule.

Chini kuna mita ngapi?

Hili ndilo swali ambalo, kwa maoni yangu, lingepaswa kuulizwa kabla ya hanesi kuvaliwa, na ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Kifyonza hakifanyi muujiza. Kinanunua ulaini kwa kulipa umbali. Umbali huo lazima uwepo.

Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha tu, na huanzia kwenye nanga kushuka chini. Chukua lanyadi ya mita 2, ambao ndio urefu wa juu kabisa unaoruhusiwa Ulaya ukijumlisha kifyonza na ndoano zake. Ongeza urefu ambao kifyonza kinaweza kuchanika, usiozidi mita 1.75. Ongeza umbali kati ya pete ya mgongoni na nyayo, kama mita 1.5, kwa sababu mtu huning'inia chini ya pete. Halafu weka mita 1 ya tahadhari. Jumla ni mita 6.25 kutoka kwenye nanga hadi ardhini, au hadi kitu chochote cha kwanza ambacho mtu angekigonga njiani.

Kwa hiyo fundi aliyesimama ghorofa ya kwanza, mita 3 juu ya ardhi, akafunga lanyadi ya mita 2 kwenye chuma kilicho usawa wa miguu yake, hajajikinga na chochote. Atafika chini kabla kifyonza hakijamaliza kazi yake, pengine hata kabla hakijaanza. Vifaa ni vipya, vina nembo zote, msimamizi ameridhika, na havimsaidii. Hapo ndipo wanaposema "lakini alikuwa amevaa mkanda".

Suluhisho la kwanza halina gharama: panda na nanga. Ikiwa nanga iko usawa wa miguu, pete ya mgongoni inaanguka kutoka mita 1.5 juu yake hadi mita 2 chini yake, jumla mita 3.5, na mtu anapofika mwisho wa kamba ana kasi ya kama kilomita 30 kwa saa. Nanga ikiwa usawa wa mabega, anguko ni mita 2. Ikiwa mita 1 juu ya mabega, ni mita 1 tu. Kamba ni ile ile, mtu ni yule yule, ila anguko la kwanza ni zaidi ya mara tatu ya lile la mwisho. Kanuni za Marekani zinaweka ukomo wa anguko huru, yaani lile la kabla kamba haijakaza, kuwa futi 6, takriban mita 1.8, kwa hiyo kufunga miguuni kwa lanyadi ndefu ya kawaida hakukubaliki huko.

Pale ambapo nafasi ya chini ni ndogo na nanga ya juu ipo, kuna kifaa kingine kinachofaa zaidi: kamba inayojiviringa yenyewe ndani ya kasha, inayofanya kazi kama mkanda wa gari. Ukienda taratibu inakufuata. Ukishtuka inakaba mara moja. Na pale pasipokuwa na nafasi wala nanga ya juu, tunarudi kwa mbuzi na kigingi chake.

Tahadhari moja kuhusu namba hizi: ni za mfano wa kawaida. Kila lanyadi ina maelezo ya mtengenezaji yanayotaja umbali wake, na hayo ndiyo yanayotawala. Viwango vya Ulaya vinajaribu vifyonza kwa uzito wa kilo 100, kwa hiyo mwenye kilo 120 na mfuko wa nyundo kiunoni anatakiwa kutafuta kifaa kilichoandikwa wazi kwamba kinabeba uzito wake.

Bembea

Umbali wa kwenda pembeni nao una madhara yake. Ukifunga kamba hapa, ukatembea mita kadhaa kwenda kando, kisha ukateleza, hutashuka wima. Utabembea kurudi upande wa nanga kama mtoto aliyeachiwa kwenye bembea, na kilichosimama njiani, ukuta au nguzo, kitakupokea. Kifyonza hakisaidii chochote hapo, kwa kuwa kipigo kinatoka ubavuni. Tena kamba inayobembea husagika kwenye ukingo wa bati au wa zege, na ukingo huo ni msumeno. Nanga iwe juu yako, ikihama kazi nayo ihame.

Nanga isiyo nanga

Bomba la maji, mfereji wa nyaya za umeme, reli ya kuzuia watu ukingoni, nondo iliyochomoza: vyote hivi hufungiwa kamba kila siku kwa sababu viko karibu na ndoano inaingia. Kanuni za Marekani zinataka nanga ihimili pauni 5,000 kwa kila mtu aliyefungwa, karibu kilo 2,270, isipokuwa pale mtaalamu aliyehitimu ameukokotoa mfumo mzima kwa namna nyingine. Huo ni uzito wa gari. Swali la kujiuliza ni jepesi: ningethubutu kuning'iniza gari hapa? Kulivuta bomba kwa mkono na kuona halitikisiki hakujibu swali hilo.

Ndoano yenyewe ina tabia zake. Lango lake likilalia ukingo wa chuma, mzigo unaweza kulisukuma likafunguka, na mtu akabaki na ndoano iliyo wazi. Ndiyo maana ndoano za siku hizi hudai vitendo viwili kufunguka, na ndiyo maana lango lililofungwa kwa waya au gundi "ili lisisumbue" ni sababu tosha ya kuiondoa kamba kazini. Kuizungusha lanyadi kwenye boriti na kuishika yenyewe kwa ndoano yake nako hakuruhusiwi, isipokuwa ile iliyotengenezwa maalumu kwa hilo; utepe wa kawaida haukukusudiwa kukatwa na ndoano yake mwenyewe. Ukihitaji kuzunguka boriti, kuna kitanzi cha nanga cha kuvalisha boriti, ambacho ndicho kinachopokea ndoano.

Kuna pia mazoea ya kuunganisha lanyadi mbili ili zifike mbali. Hesabu ya mita 6.25 ukiirudia kwa kamba ya mita 4, utaona mwenyewe. Fundo nalo, linalofungwa ili kuifupisha, huipunguzia kamba nguvu kwa kiasi kikubwa pale pale ilipokunjwa.

Miguu miwili

Lanyadi yenye miguu miwili, yaani kamba mbili kila moja na ndoano yake, ilibuniwa kwa ajili ya kuhama. Unapokutana na kizuizi, mguu mmoja unabaki umefungwa wakati mwingine unahamishwa, na hakuna sekunde ambayo uko huru. Ni mbinu nzuri yenye mitego miwili ambayo nimeona hata watu wazoefu wakiibishania.

Mtego wa kwanza ni kudhani kwamba lanyadi mbili zilizo kamili, kila moja na kifyonza chake, ni sawa na lanyadi moja ya miguu miwili. Zikifungwa zote mbili kwa pamoja, vifyonza viwili vinavuta kwa wakati mmoja na nguvu zake zinajumlishwa mwilini. Kinga mara mbili inageuka kipigo mara mbili. Ile ya miguu miwili ina kifyonza kimoja tu ambacho miguu yote huanzia.

Mtego wa pili ni mguu usiotumika. Unaning'inia, unakera, na kwenye nyonga kuna pete ya chuma inayovutia. Watu huushikiza hapo. Fuata njia ya nguvu uone kinachotokea. Mguu uliofungwa juu unakaza, kifyonza kinaanza kuchanika na mwisho wake unajitenga na mgongo. Lakini mguu wa pili unaanzia kwenye mwisho huo huo, na ncha yake iko nyongani. Kifyonza kikichanika kidogo tu, mguu huo nao unakaza, unabeba mzigo, na kifyonza kinasimama. Mtu amedakwa na kamba isiyo na kifyonza, kwa kuvutwa nyonga. Mguu wa akiba huwekwa kwenye kishikizo cha kifuani kilichotengenezwa kuachia kwa urahisi kikivutwa.

Akishadakwa

Mtu ananing'inia. Hapa habari nyingi huishia, na kwa mwili wake ndipo awamu mpya inapoanza. Mikanda ya mapajani inabana, miguu haina pa kukanyaga, na misuli ambayo kwa kawaida husukuma damu kurudi juu imetulia. Damu hutuama miguuni. Mtu aliyening'inia wima bila kujisogeza anaweza kuzimia ndani ya dakika chache, na aliyezimia katika hali hiyo yuko hatarini kufa ingawa hakugonga kitu.

Akiwa na fahamu, achezeshe miguu, aikunje, atafute pa kukanyaga. Hanesi nyingi zinaweza kuongezwa kitanzi kidogo kinachofunguliwa na kutiwa mguu ili mtu asimame hewani. Lakini vyote hivyo ni vya kusogeza muda tu. Tiba ni kumshusha. Mpango wa kumshusha unatakiwa uwepo kabla kazi haijaanza: nani, kwa kifaa gani, kutokea upande upi. "Tutaita kikosi cha uokoaji" si mpango. Kikosi kina njia ya kusafiri na dakika zinahesabika. Kwa sababu hii pia mtu asifanye kazi ya namna hii peke yake.

Kwa muda mrefu wakufunzi walifundisha kwamba aliyeshushwa asilazwe chali, bali aketishwe kwanza, eti damu iliyotuama ikirudi ghafla itamuua. Uingereza ilipitia ushahidi wa dai hilo mwaka 2009 na haikupata msingi wa kuubadilisha utaratibu wa kawaida wa huduma ya kwanza. Aliyezimia alazwe, njia yake ya hewa ifunguliwe, msaada wa kitabibu uitwe. Bado nakutana na fundisho la zamani likirudiwa kwa uhakika kabisa.

Kuikagua, na kuiaga

Kila siku, kabla ya kuvaa, anayeivaa aipitishe kamba mkononi polepole, sentimita kwa sentimita, akiikunja kidogo ili nyuzi zilizokatika zijitokeze. Vidole hugundua mengi kuliko macho: pagumu panapong'aa pameguswa na moto au cheche, penye manyoya pamesuguliwa, pakavu panapovunjika pengine pamemwagikiwa kemikali. Rangi iliyopauka ni dalili ya jua. Mkato mdogo ukingoni mwa utepe usidharauliwe kwa kuwa ni mdogo. Mfuniko wa kifyonza usiwe umefunguka, lango la ndoano lijifunge lenyewe, na lebo isomeke. Kamba isiyo na lebo haina umri wala historia. Mbali na hapo, kiwango cha Ulaya kinataka mtu mwenye ujuzi aikague rasmi angalau mara moja kila miezi 12. Mwongozo wa Uingereza ni mkali zaidi: kila miezi 6, na kila miezi 3 pale mazingira yanapoichosha kamba, kama kwenye vumbi la mawe na kazi ya kuchomelea.

Iliyowahi kumdaka mtu imeshamaliza kazi yake, hata kama haionyeshi jeraha. Kifyonza kilichochanika hakishonwi tena wala hakikunjwi kurudishwa kwenye kifuko chake na kuzungushiwa gundi ya karatasi, jambo ambalo kwa mbali haliwezi kutambulika. Kwa hiyo kuitupa tu kwenye pipa hakutoshi, maana kuna atakayeiokota na kuiona bado nzuri. Ikatwe vipande vifupi visivyoweza kumfunga mtu yeyote, na ndoano zitenganishwe nayo.